Mizani ya Jumatatu

"…tena Jumatatu, mama, Jumatatu ya kesho kutwa, saa moja asubuhi, siku moja tu baada ya Faka Mē!"

"Punguza sauti," mama yake akasema. "Shangazi yako yuko uani."

Losaline hakupunguza. Alikuwa kasimama katikati ya jiko, mkono mmoja barua ya shirikisho, mkono wa pili kalenda ya kanisa, anazitazama kwa zamu kama hakimu asiyejua amfunge nani. Ile barua ilikaa ukutani wiki sita nzima, na kila aliyeingia aliisoma: Shirikisho la Michezo ya Vijana linamwalika Losaline, miaka kumi na sita, kwenye majaribio ya kunyanyua uzito, wasichana wasiozidi kilo sitini na tatu, kupimwa tarehe nne Mei. Wakahesabu siku za mazoezi, wakahesabu mara za kuchuchumaa na chuma begani, wakahesabu mpaka mayai. Tarehe nne inaangukia siku gani, hakuna aliyeuliza. Na tarehe tatu ndiyo Faka Mē, Jumapili ya watoto, siku ambayo Tonga nzima inakula.

Si kula hivi hivi. Watoto wanavalishwa nguo nyeupe, wanapanda mbele ya kanisa mmoja mmoja kusema mistari yao bila kitabu, watu wazima wanalia, halafu meza zinapangwa kuanzia mlango wa kanisa mpaka barabarani. Na siku hiyo mtoto hali kwa sababu ana njaa. Anakula kwa sababu shangazi yake kapika.

"Umepima lini mara ya mwisho?" Ma'ata, mama yake, akauliza huku akimenya kiazi kikuu.

"Leo asubuhi, dukani kwa ushirika, kwenye mizani ya viazi. Sitini na mbili na nusu."

"Basi una nusu kilo ya kula."

"Mama, nusu kilo kwa shangazi Talahiva ni salamu tu."

Na kweli, huko uani Talahiva alikuwa anamfokea kaka yake mdogo, Semisi, baba yake Losaline, kwa sababu ya namna alivyopanga mawe ya kuokea. Alikuwa kashuka melini kutoka kisiwa cha 'Eua tangu jana na mizigo minne, na mmoja wa mizigo ulikuwa unalia: nguruwe mchanga, mnono, kafungwa utepe mwekundu shingoni kama zawadi ya harusi.

Sasa ujue jambo lenyewe lilivyokuwa zito. Kila baada ya miaka miwili shirikisho linachukua vijana sita kukaa kambini mjini. Wanalipiwa shule mpaka kidato cha saba, ambacho kwao ndicho cha mwisho, wana mwalimu wa jioni, wana daktari, na wana sheria moja inayowatesa: alama zikishuka chini ya sitini, chuma kinawekwa pembeni mpaka zipande. Losaline alama anazo. Chuma anakiweza. Ila miaka miwili ijayo atakuwa na kumi na minane, kashapita umri. Na nyumbani lilishasemwa, halikusemwa kwa ukali, lilisemwa siku moja wakati wa kula, baba akiwa anaangalia sahani: mwakani shule ni ya wadogo zake wawili, kwa wote watatu hapatoshi.

"Tumwambie shangazi," Losaline akasema.

Ma'ata akaacha kumenya. "Tumwambie nini? Kwamba kavuka bahari na nguruwe, na mtoto wa kaka yake hataki?"

"Si kwamba sitaki. Siwezi."

"Haya. Nenda kamwambie wewe."

Losaline akaenda mpaka mlangoni. Talahiva akageuka, uso umejaa moshi na furaha, akasema, "Mwanangu, huyu nguruwe nimemlisha nazi tangu Krismasi, nikimwambia kila siku, wewe ni wa Losaline." Losaline akasema ahsante shangazi, akarudi jikoni, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi.

*

Jumapili Losaline alisema mistari yake bila kukosea hata neno, na waliofuata baada yake wakamchukia, kwa sababu alisema polepole sana. Alikuwa anachelewesha chakula. Lakini mistari ina mwisho, na mwisho wa mistari kulikuwa na Talahiva, kajifunga mkeka wake mzuri kiunoni, vazi la heshima la kwao, amesimama nyuma ya meza kama nahodha.

Alikuwepo nguruwe. Zilikuwepo lu, majani ya magimbi yaliyofungiwa nyama ya kopo na tui zito, mafurushi kumi na mawili. Kulikuwa na samaki mbichi wa ndimu, na yale madonge ya unga yanayoogelea kwenye sukari iliyoungua na tui, ambayo ukila moja unaomba msamaha kwa jino.

Losaline akachukua jani moja na kipande cha ngozi.

"Mbona unakula kama mgeni wa serikali?" Talahiva akauliza.

"Nimeshiba, shangazi."

"Umeshiba nini? Mistari?"

Meza ikacheka. Losaline akajaribu kumpitishia mdogo wake lu chini ya meza, lakini mtoto akauliza kwa sauti, "Hii unanipa ya nini, yangu ninayo." Talahiva akaweka kijiko chini. Hakumtazama Losaline. Alimtazama Semisi.

Semisi ni mtu wa kilo mia na thelathini, mtu anayebishana na polisi wa barabarani na kushinda. Mbele ya dada yake anakuwa mvulana wa miaka sita aliyevunja sahani.

"Semisi. Mtoto wako anaukataa mkono wangu?"

"Hapana, dada."

"Mimi naona anaukataa."

Kule kwao unaweza kumkatalia mwalimu, ukamkatalia mchungaji kwa adabu. Dada ya baba yako humkatalii. Ndiye mwenye amri juu ya watoto wote wa kaka yake. Akisema kitu kiko hivi, basi kiko hivi, na baba mzazi anakaa kimya kama jirani.

"Losaline," Semisi akasema akiangalia nguruwe, si binti yake. "Kula, mama."

Losaline akala. Alikula lu mbili, akala paja, na kibaya zaidi ni kwamba ilikuwa tamu. Aliomba moyoni iwe imeungua, iwe na chumvi, iwe na chochote. Ilikuwa tamu mpaka macho yakamlegea. Alipofika kwenye yale madonge alikuwa kashaacha kuhesabu, akawa anakula kama mtu aliyekwisha kufukuzwa kazi.

Ukidhani angekimbia jioni akapunguza, hujui Jumapili ya kwao. Jumapili hakuna kazi wala mchezo, ni sheria ya nchi, imeandikwa. Ukionekana unakimbia barabarani, askari atakuuliza unakimbilia wapi, na jibu zuri ni moja tu: kanisani. Basi Losaline akaenda kanisani. Alikwenda ibada ya saa nane kwa njia ya kuzunguka. Ikaisha, akatembea mpaka kijiji cha pili kusali ibada ya saa kumi na dhehebu lisilo lake. Ikaisha, akaenda la tatu. Kilomita tisa, na nguo nyeupe na mkeka kiunoni, mwendo wa harakaharaka wa mtu mwenye dhambi nyingi.

"Huyu binti wa Semisi ameguswa," mzee mmoja wa kanisa akasema.

Mchungaji wa dhehebu la tatu akamtaja kwenye sala ya kufunga. Halafu wakamkaribisha chai na keki.

*

Jumatatu kabla ya jua kuchomoza Talahiva aliamshwa na kishindo. Alifungua mlango wa uani akaona kitu kinazunguka nyumba: koti la mvua la Semisi, suruali mbili, soksi mikononi, na mkeka umefungwa juu ya vyote.

"Nani huyo?"

"Mimi, shangazi."

"Unafukuzwa?"

"Hapana, shangazi."

"Basi mbona unakimbia?"

Losaline akapita, akaenda kuzunguka tena, kwa sababu akisimama jasho linakauka. Kwa hiyo hadithi nzima Talahiva aliisikia kwa vipande, kila mzunguko kipande kimoja. Mzunguko wa kwanza akasikia mizani. Wa pili akasikia kilo sitini na tatu. Wa tatu akasikia kambi na kidato cha saba. Alipofika wa nne, Semisi na Ma'ata walikuwa wamesimama mlangoni, vichwa chini.

"Yaani mlinitazama namlisha," Talahiva akasema, "na wote mkanyamaza?"

"Dada, tungesemaje?"

"Kwa mdomo, Semisi. Watu wengi hutumia mdomo."

Talahiva akakaa kwenye ngazi. Muda mfupi tu alionekana mzee, mwanamke aliyelisha nguruwe miezi minne kumbe anamlishia msiba mtoto wa kaka yake. Halafu akainuka akaenda kuvaa. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyethubutu kuuliza anakwenda wapi.

Ndani ya pikapu walikaa wote wanne mbele, vioo vimefungwa, kipasha joto kimewashwa mpaka mwisho. Losaline katikati, kafunikwa. Semisi akiendesha, jasho linamtiririka mpaka kwenye kiti.

"Hapa atakayepungua ni mimi," akasema.

"Endesha," Talahiva akamjibu.

*

Ungeuona ukumbi ule wa shirikisho ungedhani ni zahanati wakati wa homa. Watoto thelathini na mmoja waliitwa. Kumi na tisa walikuwa wamezidi. Wengine wanaruka kamba na majaketi ya baridi, wengine wamekaa wanatema mate kwenye makopo wapunguze gramu, wazima kabisa, wanabanwa na nyama ya jana. Mvulana mmoja kutoka upande wa magharibi alikuwa analia huku anaruka, na mama yake anamhesabia.

Katikati yao alikuwa Kalolaine, katibu wa shirikisho, msichana wa Kitonga aliyezaliwa na kukulia Auckland, mwaka wa kwanza kazini, na karatasi zake kifuani.

"Nilitafuta siku ambayo ukumbi hauna mtu," alikuwa anawaambia wazazi kwa mara ya kumi. "Mwaka mzima umejaa. Nikaona Jumatatu hii iko wazi kabisa. Nikashangaa, nikasema, bahati gani hii."

"Haikuwa bahati," baba mmoja akasema. "Jumatatu hii nchi nzima huwa tumelala, tumeshiba."

Talahiva akamsogelea. "Binti, shangazi yako ni nani?"

"Yuko Auckland, mama."

"Ndiyo maana. Angekuwa hapa angekutazamia hiyo tarehe. Sasa huwezi kuisogeza? Siku mbili tu."

Kalolaine akatikisa kichwa, na ilionekana kwamba alishalia kidogo kabla hawajafika. "Waamuzi wawili wamekuja kwa ndege, wanaondoka kesho. Na majina na madaraja ya uzito yameshatumwa nje. Atakayezidi simwandiki, mama. Nikimwandika, safari ijayo watasema mizani yetu ni ya uongo, na hawa wengine ndio watakaoumia."

Jibu lilikuwa la haki, na hilo ndilo liliudhi.

Kupima ni saa moja mpaka saa mbili. Unaweza kurudi kwenye mizani mara nyingi utakavyo, ila ikigonga saa mbili mlango unafungwa. Chumba cha wasichana kilikuwa na pazia na mwanamke mmoja mwenye kalamu. Losaline akavua koti, suruali, soksi, akapanda.

Sitini na tatu na gramu mia tano.

Akashuka, akavaa, akakimbia. Akarudi: mia tatu. Semisi wakati huo alikuwa nje, hawezi kusimama wala kukaa. Kila chuma kilichoanguka ukumbini wakati waamuzi wanajaribu vifaa, yeye alishtuka kama kimemwangukia mguuni. Mwishowe akasema anakwenda kuangalia tairi, akapanda nyuma ya pikapu, akalala chali, akajifunika mkeka kuanzia kichwani ili asisikie kitu. Alikuwa macho tangu usiku. Haikupita dakika tano akawa anakoroma.

Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili: sitini na tatu na gramu mia moja na kumi. Losaline akakaa na kopo. Mate yaligoma.

"Tema," Ma'ata akambembeleza. "Fikiria ndimu."

"Nimeshafikiria ndimu, mama. Nimefikiria ndimu zote."

Talahiva alikuwa kasimama nyuma yake, na mbele ya macho yake ulikuwa msuko wa Losaline, mzito kama kamba ya meli, unashuka mpaka kiunoni, haujawahi kuonja mkasi tangu azaliwe. Akaunyanyua kwa kiganja. Akaupimapima, kama mtu sokoni.

"Leteni mkasi," akasema.

Ma'ata akashika mdomo. Kwa sababu kule kwao nywele za msichana hukatwa hivyo siku moja, siku baba yake amekufa, na anayezikata ni dada ya baba.

"Wifi, hapana. Semisi yuko hai."

"Najua yuko hai. Anakoroma mpaka huku."

"Watu watasemaje?"

"Watasema kitu. Watu hawajawahi kunyamaza." Talahiva akazunguka, akachuchumaa mbele ya Losaline mpaka macho yao yakalingana, jambo ambalo Losaline hakuwahi kuona shangazi akimfanyia mtu. "Jana sikukuuliza. Leo nakuuliza. Nywele ni zako. Ukisema hapana, tunapanda gari tunarudi nyumbani, na sitasema neno, wala baba yako hatasema."

Losaline akaitazama saa ya ukutani. Akafikiria dawati lake shuleni, na mdogo wake akilikalia.

"Kata, shangazi."

Mkasi alitoa Kalolaine, ule wa kukatia bandeji. Haukuwa mkali. Ilimchukua Talahiva dakika nne, machozi yanamdondoka kwenye shingo ya mtoto, na katikati ya machozi akawa anamwambia asisogee. Ma'ata akageukia ukuta. Wasichana wengine wakaacha kuruka kamba.

Losaline akapanda kwenye mizani.

Sitini na mbili, na gramu mia tisa na themanini.

Yule mwanamke mwenye kalamu akaandika, akafuta macho, akapiga mstari.

*

Saa tatu walifanya mtihani wa kusoma na hesabu, kwa sababu shirikisho halitaki misuli mitupu. Losaline alifanya akijipapasa kisogo, anashangaa upepo unavyomfikia. Saa tano wakaanza kunyanyua. Saa kumi Kalolaine akapanda kwenye kiti akasoma majina sita, sauti inakatika, na la tano lilikuwa Losaline. Ma'ata akamkumbatia wifi yake, kitu ambacho hawakuwahi kufanya kwa miaka kumi na nane.

Ila asubuhi ile, saa mbili na robo, mke wa mzee wa kanisa wa kijijini kwao alipita njia akielekea benki. Aliona pikapu ya Semisi uwanjani. Nyuma ya pikapu aliona mkeka, na chini ya mkeka miguu miwili mikubwa, imetulia, bila hata mkoromo. Akasimama. Mlangoni akatoka Losaline, kichwa kimekatwa, na nyuma yake Talahiva macho mekundu, mkasi mkononi na nywele zimekunjwa kwenye kitambaa.

Mama wa watu angefikiri nini? Hakuuliza, kwa heshima. Akafungua simu.

Kwa hiyo jioni, pikapu ilipokata kona ya kwao, walikuta uwanja umejaa watu wenye nguo nyeusi. Mikeka mikuukuu ya msiba viunoni. Turubai limeshafungwa, moto umeshawashwa, magunia ya viazi vikuu yamepangwa, ng'ombe mmoja kafungwa kwenye mwembe wa jirani, na wanaume wa kava, kile kinywaji chao cha mizizi, wameshaketi duara. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo.

Semisi akashuka kwenye usukani, akasimama kando ya mzee mmoja, akanong'ona kwa adabu, "Kafa nani?"

"Sogea, Semisi," mzee akamwambia bila kugeuka. "Tunampisha marehemu."

Halafu akageuka. Wimbo ukafa sauti moja moja, besi ya mwisho.

Kuna mtu alipiga kelele, kuna mtu alikaa chini. Mchungaji, ambaye kashaandika hotuba, akaangalia karatasi, akaangalia Semisi, akaikunja taratibu. Ndipo maneno yakaanza. "Nimefunga duka kwa ajili yako." "Mimi nimechinja." "Nimelia mpaka sauti imeniisha, na kesho nina ibada." Semisi akazunguka kuomba msamaha kwa kila mtu kwamba hajafa, na kila mtu akamsamehe, wengine kwa shida kidogo.

Chakula cha msiba hakirudi kilikotoka. Kikaliwa. Talahiva akaketi kwenye mkeka wa juu kabisa, mahali pa dada wa marehemu, akasema pameshatandikwa, hawezi kupaharibu. Aliposimulia habari ya mizani na gramu mia moja na kumi, watu wakaomba wauone ule msuko, ukapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja anaupima, kila mmoja anakataa kwamba ni gramu mia na thelathini tu.

Losaline alikuwa kajiegemeza barazani kwao, mgongo ukutani, kisahani tupu pajani. Baba yake akaja akakaa chini karibu naye, sakafu ikalia.

"Wamenizika vizuri," akasema. "Ng'ombe mzima."

"Nimeona, baba."

Akamwekea kiganja kichwani, kidogo tu, akakitoa. "Mama yako anasema kile chuma cha mwisho, cha kilo themanini, ukumbi mzima ulisimama. Mimi nilikuwa chini ya mkeka. Sikuweza, mwanangu. Nilisikia kile chuma kinaanguka, nikaona bora nisijue."

"Hakikuwa changu kile kilichoanguka."

"Basi niambie habari ya chako."

Losaline akajiweka sawa, akafumba macho ili akione vizuri. "Niliingia, nikajipaka chokaa mikononi. Kichwa chepesi, nahisi kama nimeacha kitu nyumbani. Nikainama, nikashika. Nikavuta, kikafika kifuani, nikakaa nacho chini, baba, chini kabisa, na magoti yakaniambia leo hatuinuki. Basi mimi…"

Sauti ikapotea. Semisi akangoja. Akamgusa bega.

"Basi wewe?"

"Kesho, baba," akasema kwa usingizi, bila kufumbua macho. "Kesho nitakumalizia. Kama utakuwa hai."

"Nitakuwepo," Semisi akasema, na akakaa palepale.